Barua Iliyotangulia Ndege

Leo tunajifunza barua ya shughuli.

Mwezi wa Novemba 1914 ndege iliruka juu ya delta yetu ya Rufiji, ikiitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg. Lakini kabla ya ndege kulikuwa na barua.

Tarehe 30 Mei 1899, fundi baiskeli wa Dayton, Marekani, Bwana Wilbur Wright, aliiandikia taasisi ya Smithsonian, Washington. Alieleza anachunguza jambo gani, akaomba maandishi juu ya kuruka angani na orodha ya vitabu vingine. Akapelekewa. Tarehe 17 Desemba 1903, yeye na mdogo wake Orville waliruka.

Mwaka 1905 waliiandikia Wizara ya Vita ya Marekani mara mbili, wapate kuiuzia ndege. Wakakataliwa. Waliendelea kuandika, hata ng'ambo. Februari 1908 wizara ile ile ikawapa mkataba wa dola 25,000.

Nawe, kama hujalipwa fedha za korosho, usitegemee maneno ya mdomo tu. Andika tarehe, anwani na jina lako. Taja siku uliyopeleka korosho, uzito wake na namba ya stakabadhi. Kisha sema unaomba nini. Matusi yaache. Weka nakala nyumbani, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Zoezi: Mwandikie katibu wa chama cha ushirika barua ya mistari sita, ukiuliza malipo yako. Msomee jirani. Akiuliza, "Unataka nini?", iandike upya.

Kwaherini.