Waranti ya Kununua

Mpiga picha wa harusi wa Kitale au Bungoma anunuapo kamera mpya, huenda akaambiwa dukani kwamba, akiongeza fedha kidogo juu ya thamani yake, waranti ya mwaka mmoja itarefushwa ikawa ya mitatu. Nami nasema, kabla hajafungua mkoba, na auombe mkataba wenyewe ausome. Humo aghalabu atakuta kwamba kamera iliyoanguka, iliyoingia maji, ama iliyounguzwa na umeme uliopanda ghafla haimo katika dhamana, ilhali hayo ndiyo maafa yatufikayo huku magharibi, ambako radi ya alasiri si mgeni. Na ikiwa fundi aliyeidhinishwa yuko Nairobi, mwendo wa kilomita 380 hivi kutoka Kitale, gharama ya kifurushi (jambo lisilotajwa sana dukani) yaweza kuwa juu ya mteja.

Tena, sehemu ya dhamana hiyo anayo tayari bila malipo, kwani Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 46, imempa haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 humhesabu muuzaji kuwa ameudhamini ubora huo, hata asipotamka neno.

Basi kwa redio ndogo waranti ya ziada ni israfu tupu. Kwa kamera imlishayo mtu na ahali zake, afadhali bima itajayo wizi na kuanguka, na risiti itolewe nakala mapema, maana maandishi yake hufifia upesi.