NGUVU HAIPOTEI: TUWAFUNDISHE WATOTO WETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Makadara)



Jioni moja mtoto wa Gredi ya 8 alituuliza: "Baba, treni ina mota za stima, nayo stima inaitoa wapi, na juu ya reli hakuna waya?" Tulikuwa tumechoka. Tukamjibu, "Kamuulize mwalimu." Mtoto akafunga daftari, asiulize tena. Jambo hili limetuuma, maana jibu lake tunalishika kwa mikono yetu kila siku.

Sisi tuliosoma shule ya msingi ya misheni tulikariri tu: joto, mwanga, sauti, mwendo, umeme. Hatukuonyeshwa kitu. Basi tusiwarithishe watoto wimbo mtupu. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Haizaliwi wala haifi, hubadili nguo tu.

Anzeni jikoni. Mti ulipokea nguvu ya jua ukaiweka akiba, kisha mti ukawa makaa. Ukiyawasha, akiba ile inatoka, inakuwa joto na mwanga. Sufuria ikichemka, mvuke unatikisa kifuniko: joto limekuwa mwendo. Lakini mwonyeni mtoto kwamba jiko la makaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa, kwa maana sumu yake haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Kisha mpelekeni kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Huko imesimama injini namba 5918, Mount Gelai, moja ya zile 34 zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956. Mafuta yaliungua, maji yakawa mvuke, mvuke ukasukuma pistoni, na mizigo ikapanda kutoka Mombasa baharini hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Ni kifuniko kile kile cha sufuria, ila ni kikubwa.

Na treni ya siku hizi? Dizeli inaungua ndani ya injini. Injini inazungusha jenereta, jenereta inatoa stima, na stima inazungusha mota za magurudumu. Mtambo wa stima unasafiri pamoja na abiria! Hilo ndilo jibu tulilomnyima mtoto. Na breki zikikamata, chuma kinapata moto: mwendo umegeuka joto. Joto hilo halikupotea, lakini halirudi katika tangi. Ni kama mshahara wetu: umekwenda kwa mwenye nyumba, dukani na shuleni, wala hauturudii mfukoni.

Ndugu, asiseme mtu, "Mimi sikusoma sana." Kazi yenu ni kitabu. Tunaiomba kamati itenge Jumamosi moja tuwapeleke watoto wa mitaa yetu pale makumbusho, na walimu wao tuwaalike.

Yule mtoto tumekwisha kumwita, tukamweleza. Akauliza maswali mengine matatu. Mawili yalitushinda, na kesho tutakwenda naye kwa mwalimu.