Karatasi ya Mlangoni

Nchini Marekani iko karatasi ambayo sharia ya serikali kuu imeifaradhisha kwa kila nyumba ya kutunzia wazee inayopokea fedha za umma: mwanzo wa kila zamu ibandikwe pahali pa dhahiri, iandikwe tarehe, idadi ya wazee waliomo, na idadi ya wauguzi na wasaidizi wao pamoja na saa wanazofanya. Kumbukumbu yake huwekwa muda usiopungua miezi 18, na raia akitaka kuitazama hazuiwi.

Wala faradhi hii haikuzuka bure. Kwa miaka mingi hesabu ya watumishi iliyopelekwa serikalini ilikuwa ni kauli ya nyumba yenyewe, ikitolewa wakati mkaguzi amewadia. Na nani asiyejua jinsi uwanja unavyofagiwa mgeni akipiga hodi? Tangu mwaka 2016 hesabu hiyo hutakiwa itoke katika daftari la mishahara, siku baada ya siku, na daftari la mishahara halina haya: lilipochambuliwa katika gazeti la New York Times mwaka 2018, ilibainika kwamba nyumba nyingi zilikuwa zimejitangazia watu wengi kuliko waliokuwamo, na kwamba Jumamosi na Jumapili upungufu ulizidi.

Ila karatasi ile ina kasoro: huwataja waliopo, haiwataji waliokosekana. Tuseme usiku mmoja imeandikwa wazee 96, wasaidizi 3. Mtoto wa mzee, akipita mlangoni koti mkononi, ataziona tarakimu mbili safi, asitambue kuwa kila msaidizi ana wazee 32 wa kugeuza kitandani, kubadilisha shuka na kupeleka msalani kabla ya alfajiri. Mimi ningeongeza mstari wa tatu, wa waliopasa kuwapo. Lakini kipimo chenyewe kimeyumba, maadamu kanuni ya mwaka 2024, iliyotaka saa 3.48 za uuguzi kwa kila mzee kwa siku, ilibatilishwa na mahakama ya Texas mwaka uliofuata.

Miongoni mwa wasaidizi hao wamo ndugu zetu wengi kutoka Kenya, na wao hawana haja ya karatasi. Huijua hesabu pindi wapokeapo zamu, waonapo orodha yao imeongezwa, kwa kalamu, vyumba vya mwenzao aliyepiga simu kwamba haji.