Mlimani au Mbeya? Kuchagua Chuo cha Shahada ya Kwanza ya Uhandisi
Mada kwa semina ya wazazi na wahitimu wa kidato cha sita, Kata ya Sokon I, Arusha



Kila mwaka majina ya waliodahiliwa yanapotoka, swali hili hurudi katika nyumba nyingi za kata yetu. Kijana amesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) au PGM (fizikia, jiografia na hisabati), ameomba uhandisi, na ameitwa vyuo viwili. Mara nyingi kimoja ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, na cha pili ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, yaani MUST. Nautoa msimamo wangu mapema ili mpate nafasi ya kuupinga: fani itangulie, chuo kifuate. Aliyepewa Mbeya fani aliyoiomba kwa dhati asiiache akaenda Mlimani kusomea kitu kingine kwa sababu tu ya jina.

Wazazi huniuliza kwa nini mtoto asisome hapa Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela, alale nyumbani. Pale wanasomesha uzamili na uzamivu. Mhitimu wa kidato cha sita hapati nafasi hadi awe na shahada ya kwanza, kwa hiyo tuiweke kando kwa leo.

Vyuo hivi viwili vimetoka njia tofauti, na inafaa kijana alijue hilo. Kitivo cha Uhandisi cha Mlimani kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kikiwa tangu mwanzo na kazi ya kutoa wahandisi wa shahada. Mwaka 2001 kikaingia katika Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Wahandisi wengi waliojenga barabara, mabwawa na viwanda vya nchi hii wamepita pale, na ndiyo maana jina lina uzito. Mbeya ilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, ikawa taasisi mwaka 2005, na mwaka 2012 ikapanda kuwa chuo kikuu. Asili yake ni ya kufundisha mafundi sanifu, watu wa karakana. Mlimani ina upana: fani nyingi, wahadhiri wengi, utafiti wa miaka mingi. Mbeya ina desturi ya kushika kazi kwa mikono, ingawa asili peke yake haimfundishi mtu, na nitaeleza jinsi ya kuipima.

Sasa tuitazame hali inayotokea kweli. Kijana anataka umeme. Mbeya wamempa umeme. Mlimani ushindani ulikuwa mkali, wamempa uhandisi wa nguo, chaguo lake la tatu, aliloliandika ili kujaza nafasi. Nyumbani wanashangilia Mlimani. Uhandisi wa nguo si fani duni hata kidogo. Hapo Kisongo tuna kiwanda kikubwa cha vyandarua kinachohitaji watu wake. Lakini inamfaa aliyeipenda, akajua atafanya nini nayo. Huyu wetu atakaa miaka minne akiwaonea wivu wenzake wa umeme wa jengo la pili, na akimaliza ataomba kazi za umeme akiwa na cheti cha nguo.

Wengi hawajui kinachofuata baada ya mahafali. Huwezi kufanya kazi ya uhandisi nchini kisheria bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha unafanya kazi chini ya wahandisi wenye uzoefu, na kupitia mpango ambao Bodi imekuwa ikiuendesha tangu mwaka 2003 mafunzo hayo ni ya miaka mitatu. Ukipimwa na kufaulu ndipo unakuwa mhandisi mtaalamu na kuruhusiwa kubeba dhamana ya kazi. Bodi inamsajili mtu katika fani aliyosomea. Mhitimu wa umeme wa Mbeya na mhitimu wa umeme wa Mlimani wanaanza kwenye mstari mmoja. Jina la chuo linaweza kusaidia kupata usaili wa kwanza, lakini anayebadili fani akiwa na shahada mkononi anaanza upya.

Je, vyuo vyote viwili vikimpa fani ileile? Hapo mimi ningemwelekeza Mlimani, kwa sababu ya upana niliousema na kwa sababu ofisi nyingi za washauri na makandarasi wakubwa ziko Dar es Salaam. Ila kuna masharti mawili, la karakana na la fedha.

La karakana ni hili. Chukulieni uhandisi ujenzi. Zege la nguzo ya jengo hupimwa kwa kumimina sehemu yake kwenye kalibu za chuma za milimita 150 kila upande, kupata miche mraba ya zege. Miche hiyo inalowekwa majini, mingine inapondwa kwa mashine siku ya 7, iliyobaki siku ya 28, na kipimo kinasomwa. Mwanafunzi aliyechanganya zege mwenyewe, akashindilia, akafungua kalibu na kukuta upande mmoja una matundu kwa sababu hakushindilia vizuri, hasahau tena. Aliyesimama nyuma ya wenzake hamsini akinakili tarakimu ubaoni hajui zege. Kwa hiyo mtafuteni kijana wa mwaka wa tatu wa fani hiyohiyo, kwa kila chuo, mumuulize: kwenye jaribio moja mnakuwa kundi la watu wangapi? Mashine ipi imeharibika, na tangu lini? Nani anasimamia maabara, mhadhiri au fundi sanifu? Majibu yake yana thamani kuliko kipeperushi chochote.

Mwaka ukiisha wanafunzi huenda fildi, mafunzo kwa vitendo kazini. Hapa sisi wa Arusha tuna bahati ambayo hatuitumii. TEMDO, shirika la umma la usanifu wa mitambo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, liko hapa mjini. CAMARTEC ya zana za kilimo, ya mwaka 1981, iko hapa. Tuna kiwanda cha transfoma, mamlaka ya maji iliyopitia mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 500, TANESCO, TANROADS na TARURA. Na tuna tatizo letu wenyewe, floraidi katika maji ya miteremko ya Meru, linaloyapa meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, ambalo kituo cha Ngurdoto kimelifanyia utafiti kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa Mbeya au wa Mlimani anaweza kuomba barua ya chuo mapema, akaja kufanya fildi hapa, akala na kulala kwao. Barua ipelekwe miezi kabla, maana nafasi huisha.

Sharti la pili ni fedha. Bodi ya Mikopo inawakopesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi amalize deni. Kinachotofautiana ni gharama za maisha. Aliyekosa hosteli ya chuo Dar es Salaam atapanga Sinza, Ubungo au Changanyikeni, na bumu, yaani fedha ya kujikimu, litaisha mapema. Mbeya hali ya hewa ni kama ya kwetu, chakula kiko tele, ila safari ni takribani kilomita 1,000, nauli yake si ya kurudi nyumbani kila likizo fupi. Familia ikae na kalamu, ihesabu chumba, chakula na nauli kwa miaka minne. Mwanafunzi wa uhandisi mwenye njaa hushindwa hisabati za mwaka wa kwanza, na wengi huondolewa mwaka huo.

Na wenye mabinti naomba mnisikilize. Kumnyima binti umeme wa Mbeya kwa sababu ni mbali, kisha kumruhusu kaka yake, ni kumdhulumu. Umbali ni uleule kwa wote wawili.

Kwa wale ambao alama za masomo mawili makuu hazikufika pointi 4.0, au waliokosa fani wanayoitaka kote, Chuo cha Ufundi Arusha kiko umbali wa daladala moja. Kilianza mwaka 1978, kinafundisha stashahada za uhandisi na sasa kina shahada pia. Stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0 hufungua mlango wa shahada, na anayepitia huko huingia chuo kikuu akiwa ameshashika spana.

Mwisho ni suala la simu. Aliyedahiliwa vyuo viwili hutumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe mfupi au barua pepe, naye anapaswa kuthibitisha chuo kimoja kabla ya siku iliyotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Vijana wetu wengi wanajaziwa maombi stesheneri, na namba inayoandikwa ni ya mwenye duka, au ya kaka ambaye laini yake imekufa. Ujumbe unaingia kwa mtu mwingine, siku zinapita, nafasi zote mbili zinapotea. Iandikwe namba ya kijana mwenyewe au ya mzazi anayeishi naye, na barua pepe ambayo nenosiri lake analijua yeye.