Vifaa vya Usalama kwa Mvuvi Aendaye Baharini Peke Yake

(Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya msingi vya wavuvi)



Katika pwani ya Afrika Mashariki wapo wavuvi wengi watwekao tanga alfajiri wakiwa peke yao, kila mmoja katika ngalawa yake au dau dogo. Ujuzi wao wa kusi na kaskazi hauna shaka. Lakini mtu wa namna hiyo akianguka majini, chombo huweza kuendelea na safari, wala hapana mwenziwe wa kukigeuza.

Hesabu yake ni nyepesi. Chombo kiendacho maili 4 za baharini kwa saa hukata mita 2 hivi kila sekunde. Dakika moja ikipita, kipo zaidi ya mita 120 mbele. Mwogeleaji hodari hawezi kukifikia.

Wala umahiri si kinga. Éric Tabarly wa Ufaransa alishinda mashindano ya kuvuka Atlantiki peke yake mwaka 1964 na tena mwaka 1976. Mwezi Juni 1998, usiku, katika bahari iliyo kati ya Wales na Ireland, alipigwa na mti wa tanga akatupwa majini. Hakuvaa jaketi la kuokolea maisha, wala hakujifunga kamba. Alikuwa na wenzake chomboni, nao hawakumwona tena. Kila mvuvi aliyewahi kukoswakoswa na foromali atauelewa msiba huo.

Basi kanuni ni moja: kifaa cha usalama kiwe mwilini. Kilichowekwa chini ya ubao hakimfai aliyekwisha kuanguka.

Kwanza ni kamba ya kujifunga. Isizidi mita 2, ifungwe kwenye mkanda imara wa kifuani, na ncha ya pili ishikizwe mahali madhubuti katikati ya chombo. Kulabu yake iwe ya kufunguka kwa mkono mmoja. Mwenye injini ya nje naye ajifunge kigwe cha kuzimia injini.

Pili ni kisu chenye makali, kilichofungwa kwa ugwe kifuani. Chombo kikipinduka, au wavu ukimnasa mtu mguu, kamba ile ile iliyomwokoa yaweza kumzuia chini ya maji.

Tatu ni jaketi la kuokolea maisha. Lenye nguvu ya nyutoni 50 humsaidia tu mwogeleaji mwenye fahamu zake. Kwa aendaye mbali peke yake lafaa la nyutoni 150, ambalo limeundwa kumgeuza aliyezimia uso ukae juu. Maji ya pwani ni ya vuguvugu, lakini mtu akikaa humo muda mrefu humpoza na kumchosha.

Nne ni vya kuitia msaada: filimbi, kioo cha kumulikia jua, tochi isiyoingia maji, na simu ndani ya mfuko uliozibwa. Simu haina kazi pale mtandao usipofika. Ndipo kifaa kidogo cha kuita msaada kwa setilaiti, cha mawimbi ya megahezi 406, kinapokuwa na thamani. Mpango wa kimataifa wa setilaiti hizo umekuwa ukiokoa watu tangu mwaka 1982.

Kifaa hicho ni ghali kwa mvuvi mmoja, na hapa ndipo ushirika unapohitajika. Chama chaweza kununua vichache, kikaviandikisha kwa jina lake pamoja na namba ya simu ya mtu apatikanaye usiku na mchana, kisha kikawaazima waendao mbali. Majaketi nayo yaweza kununuliwa kwa pamoja na kulipwa kidogo kidogo kutokana na mauzo ya samaki.

Liwepo pia daftari bandarini: nani ameondoka, saa ngapi, kuelekea wapi, na anatazamiwa lini. Asiporudi kwa wakati, utafutaji uanze mara moja. Bila daftari, mke wa mvuvi ndiye wa kwanza kushtuka, na huenda jua likawa limekwisha kuchwa.

Wavu uliopotea hununuliwa mwingine. Mwanachama aliyepotea haandikwi tena katika kitabu cha chama. Tahadhari kabla ya athari.