Afya Huanzia kwenye Mgao



Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka hapa Gisenyi kwenda Goma. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kutiwa dawa. Ardhi ya mawe ya volkano haikuchimbika vyoo.

Tena, posho ilipitia kwa viongozi, na utapiamlo ulizidi kwa watoto wa nyumba zinazoongozwa na wanawake.

Basi afya si dawa tu. Sisi walimu tunaomba akina mama wasimamie mizani, na mjane apimiwe haki yake mbele ya wote.