Chandarua kipo, mbu hafi

Taarifa za ugawaji hutaja idadi ya vyandarua; dawa iliyomo haitajwi, na hapo ndipo penye kazi. Pairethroidi, dawa ya kawaida ya vyandarua, imetumika miaka mingi, hadi mbu aina ya Anopheles funestus wana vimeng'enya vinavyoivunja mwilini kabla haijawaua. Wilayani Misungwi, Mwanza, watafiti walijaribu vyandarua vilivyoongezwa klofenapiri, dawa ambayo hugeuzwa sumu kali na vimeng'enya hivyohivyo. Ujanja ulioje! Malaria kwa watoto ilipungua kuliko palipotumika vyandarua vya kawaida, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vile vya klofenapiri. Bei yake iko juu, kweli. Ila wanunuzi waulizwe: dawa gani, na mbu wa wapi? Cha zamani usikitupe. Wavu mzima bado humzuia mbu.